Akili ya Hajji Mutwalibu

Hajji Mutwalibu alimwacha mkewe Mastula Alhamisi jioni, kwa sababu ya viatu.

Naam, viatu. Wenzake huachwa kwa mambo mazito, yeye kaachwa kwa kiatu, na tuseme kweli, kosa lilikuwa lake. Mastula alikuwa amevificha viatu vya mumewe ndani ya pipa la mtama ili mzee asitoke alfajiri kwenda kwenye kizuizi cha askari, kule mpakani. Miaka ile ya utawala wa askari mtu hakupita Busia huku anaota. Mkulima mmoja wa Kisoko alichelewa kusimama alipoambiwa simama, akazikwa kesho yake. Na Mutwalibu alikuwa anaota mchana kweupe. Huko alikuwa akienda kulitafuta lori lake, ambalo wanajeshi walilichukua zamani, na kila ukungu ulipotanda barabarani alilisikia likinguruma humo ndani.

Basi akavitafuta viatu, akavikosa, akamtazama Mastula kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Mwanamke anaficha viatu vya mume, huyo mke au askari jela?" alisema. "Nimekuacha. Talaka moja."

Mdogo wake, Badiru, alikuwa ameketi pale na wageni wawili, wanakula. Wote walisikia. Haukupita muda Mutwalibu akaomba chai, na Mastula akampelekea.

Ugonjwa wenyewe ulikuja polepole. Mwanzo mzee alisahau majina, halafu akasahau miaka, mwishowe akawa anaishi katika miaka yote kwa pamoja, anaingia huu anatokea ule. Mastula alijifunza kumfuata. Asubuhi waliketi mkekani barazani, ukungu bado umelalia mapaa, naye Mutwalibu akashika usukani ambao haupo. Walipita Kwapa. Walipita Merikit, watu wakiwapungia mikono kutoka mashamba ya pamba. Mwamba wa Tororo ulikuja mbele yao taratibu, ukawa wa buluu, ukawa mkubwa, ukapita. Na Mastula aliuona, wallahi, hata upepo wa dirishani aliusikia shavuni. Mara nyingi mumewe hakujua ni nani aliyekaa kando yake katika safari hizo, lakini kwenye kona alimwambia ajishike vizuri, na hilo lilimtosha.

Ugonjwa ulipoanza tu, akili ikiwa bado nyingi, alikuwa amemshika mkono. "Mastula, wasinitoe humu ndani," alimwambia. "Nikipotea humu, nimepotea kwangu."

Maneno hayo Mastula aliyaweka moyoni, maana alimjua shemeji yake. Kapteni mmoja aliitamani ile nyumba, vile ilivyokuwa karibu na mpaka, na Badiru alikwisha kumwahidi. Alitaka kumhamishia kaka yake Tororo, chumba cha uani, kisha auze.

Jumamosi asubuhi Badiru akamleta Sheikh Muzamiru kutoka Tororo. Waliketi barazani, Mutwalibu katikati yao, macho yake kwenye ukungu.

"Sheikh, mimi nakuja na mambo mbili," alisema Badiru. "Moja, kaka ameacha huyu mama, mashahidi tuko. Mbili, kaka akili imekwisha. Mimi ndiyo damu yake, weka mimi msimamizi."

Sheikh, mtu mnene asiye na haraka, alikunywa chai yake bila sukari. Sukari siku hizo ilisikika kwenye hadithi tu.

"Badiru, mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Kama akili yake imekwenda, talaka yake ni upepo, na mama huyu ni mke wake. Hapo nitakuweka wewe msimamizi. Kama akili anayo, talaka imeshika. Lakini nyumba ni yake, na hakuna wa kuiuza bila neno lake." Akamgeukia Mastula. "Mama, wewe ndiye unayelala na kuamka naye. Akili anayo au hana?"

Lile neno "hana" lilikuwa tayari mdomoni mwa Mastula, tena tamu. Aseme hana, abaki mke, na wiki haitaisha vitanda viko kwenye gari la Badiru. Aseme anayo, na eda ikiisha atoke na sanduku lake. Binti yao Zulaika angekuja kumtunza baba yake, hilo alilijua, lakini mkekani pale angekaa mwingine. Alimkasirikia Mutwalibu kwa kumtwisha uamuzi huu huku yeye ametulia anatazama ukungu. Juzi alimwamulia mambo bila kumwuliza, akaachwa. Leo angalau aamue lile ambalo mume mwenyewe alilitaka.

"Akili anayo," alisema. "Inatembea tu, inachelewa kurudi. Ameniacha, na mimi nimeachika."

Badiru alicheka. "Shemeji, mtu hajui hata jina yako."

"Shahidi wa talaka ni wewe, na asiye na akili haachi mke," alisema Sheikh. "Au ulinitoa Tororo nije kusikia uongo?" Akawageukia wote wawili. "Basi. Hajji ana akili zake, na mke ameachwa. Neno lake ni neno."

Mastula aliinamisha kichwa akalia, bila sauti, kwa uchungu wa mtu aliyejichoma mwenyewe.

Hapo Mutwalibu akageuza macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Sheikh," alisema, "huyu mama ni mke wa nani?"

"Ameachwa juzi, Hajji. Yuko kwenye eda."

"Aliyemwacha ni mjinga," alisema Mutwalibu. "Mama ametulia namna hii. Mimi naweza kumuoa." Akafikiri kidogo, uso ukaingia wasiwasi. "Lakini kwanza nimuulize Mastula. Mastula ndiye mke wangu. Mambo yangu yote anaamua yeye."

Sheikh Muzamiru aliweka kikombe chini.

"Badiru, umesikia," alisema. "Mwanamume akimwita aliyemwacha 'mke wangu' ndani ya eda, amemrejea. Na mwenye akili zake ametuambia nani amwamulie. Mimi sina la kuongeza." Akavaa makubazi, akatoka, na Badiru akamfuata anaongea peke yake.

Walibaki wawili mkekani. Mutwalibu alimsogelea yule mama aliyekuwa analia, akapunguza sauti.

"Wewe unamjua Mastula?"

"Namjua."

"Utaniulizia? Atakubali?"

Mastula alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Huyo ana wivu, Hajji," alisema. "Ana wivu sana."

Mutwalibu alitazama mlango wa nyumba, akamshika mkono.

"Basi tusimwambie," alisema.