Jina la Kwanza

Wanza alifukuzwa saa nne asubuhi kwa kosa la kuketi. Alikuwa na mimba ya miezi saba, kazi yake kupiga pasi suruali za jinzi, wima tangu saa moja, na hiyo ilikuwa siku ya sita mfululizo ya ovataimu ya lazima. Aliegemea robota la kitambaa, akateleza akaketi. Kinyua, supavaiza wetu, akamvua beji na kumpeleka langoni.

Ni mwaka 2004, Athi River, kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, ili asipatikane wa kuitwa mwajiriwa wa kudumu. Mwaka uliotangulia wanawake watatu waliandika malalamiko. Yule ambaye jina lake lilikuwa juu alifukuzwa hata chai hajanywa. Tukajifunza: lalamika, ila usiwe wa kwanza.

Sasa nani aanze? Kwetu kijijini Kalama, mwethya, kile kikundi cha majirani wa kusaidiana kazi, wakichimba matuta shambani kwa jirani, humsikii mtu jioni akidai tuta hili ni langu. Basi mmoja wetu akafudikiza sahani ya githeri juu ya karatasi ya paterni, ile ya kukatia nguo, akaizungushia chaki. Katikati tukaandika: Wanza arudi, apewe kiti. Majina tukayaandika kuufuata mstari, yasiwe na juu wala chini. Karatasi ikasafiri ndani ya furushi la suruali, kutoka kwa washona mifuko hadi kwa washona pindo. Saa saba ilikuwa na majina arobaini na mawili. Tukazima cherehani.

Kinyua akaniita ofisini peke yangu.

"Mukai, hii miaka mbili sijakuona na makosa," alisema, akiizungusha karatasi kama usukani. "Niambie tu nani ameandika kwanza. Hii ni barua ya kazi ya kudumu. Iko na jina yako."

Kweli ilikuwa na jina langu, limepigwa chapa. Sitajifanya shujaa: niliitaka sana ile barua. Nilikuwa na watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu, na kila mkataba ukikaribia kwisha sikujua watakula nini. Tena jina la kwanza nililiona likiandikwa. La nani, hata hapa sisemi.

"Hiyo karatasi haina wa kwanza."

"Kila kitu iko na mwanzo, mama."

"Basi mwanzo ni wewe, ulipomtoa Wanza."

Akairudisha barua kwenye droo. Akamwita Katunge, mwenzangu wa benchi, halafu mwingine, halafu mwingine. Wote walirudi bila kumtaja mtu, na lori la mzigo lilikuwa likingoja suruali nje. Saa kumi Wanza aliingia polepole, Kinyua nyuma yake amebeba kiti cha plastiki. Tukawasha cherehani.

Desemba mkataba wangu haukufanywa upya. Nililia njia nzima mpaka Machakos, na kwa mwezi mzima nilijuta waziwazi, kila aliyeniuliza nikamwambia hivyo.

Januari Katunge akaja nyumbani. Laini yetu nzima ya ushonaji, akasema, wamejiunga na chama cha wafanyakazi. Fomu ya kujiunga ilikuwa na mistari iliyonyooka, kwa hiyo lazima jina moja likae juu. Walikuwa wameshauriana wakati wa chakula, wakakubaliana bila ubishi.

"Tumeandika lako," akasema. "Wewe hawawezi kukufuta kazi tena."