Mgeni Aliyepima Sebule

Jumamosi moja, wiki chache baada ya mafuriko ya 2017, Concilie alikuwa akichambua maharage sebuleni kwake Sharpstown, mtaa wa ughaibuni, pale mpimaji ardhi wa mfalme wa Hispania alipoingia akiburuta mnyororo wa kupimia. Alikuwa ametoka karne ya kumi na nane, na viatu vyake vilijaa tope. Concilie alimwomba avivue mlangoni. Zulia lilikuwa jipya. La zamani lilioza kwa maji.

Kwao Burundi mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na maharage hayana haraka. Yalipokuwa yakichemka, mgeni alipima sebule, akapima chumba cha kulala, akatoka kupima ngazi na maegesho. Farasi wake alikuwa ameshavutwa na gari la breakdown kwa kukosa stika ya maegesho. Aurore, binti wa Concilie, aliinua miguu ili mnyororo upite, macho kwenye simu.

"Mom, who's that?"

"Mgeni. Msalimie."

"Hi," alisema Aurore.

Mgeni alikula, akaongezwa, akala tena. Ndipo Concilie alipomuuliza, kwa Kihispania alichojifunza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli anakofanya kazi:

"Baba, ulikuwa unapima nini?"

"Mpaka wa kaskazini wa milki ya mfalme."

Akakunjua ramani mezani. Mto ulikuwapo, na vinamasi vilikuwapo. Palipokuwa na jengo lao palikuwa peupe, na wino ulikuwa umeshakauka: Nchi tupu, haina watu.

Concilie aliyajua maneno hayo. Familia yao ilipokimbilia Tanzania, shamba la baba yake kule Rumonge lilihesabiwa kuwa halina mtu, likapewa mwingine, migomba ikiwa bado na mikungu yake. Aliweka kidole pale peupe.

"Na mimi je? Niandike, baba. Andika Concilie na mtoto wake. Nimechoka kuhamishwa."

"Maharage yako matamu sana, mama," mgeni alisema, na alisema kweli. "Lakini wino ukikauka sifuti. Hata walionivusha mto sikuwaandika."

Akashukuru, akavaa viatu, akaenda kumtafuta farasi wake. Angeulizwa alipofika, wino ungekuwa bado kwenye kichupa. Lakini ni nani mwenye adabu anayemuuliza mgeni mlangoni?

Baada ya hapo tarishi akawa anapita bila kusimama. Majirani nao hawakuletewa barua, wakazoea. Karibu na Krismasi jengo likapata mmiliki mpya, akatuma wapaka rangi. Waliingia bila kubisha hodi.

Safari hii Concilie hakungoja kitu kiive. Alisimama katikati ya sebule, akawauliza hata kabla ya kuwakaribisha:

"Mmekuja kufanya nini hapa kwangu?"

Walimzunguka kama watu wanavyozunguka nguzo. Mmoja akafungua dirisha, akamwambia mwenzake kwamba nyumba hii inaonekana imekaa tupu muda mrefu.

"We're right here!" alisema Aurore.

Wakapaka kuta zote rangi nyeupe, hata ule wenye msalaba. Walifanya kazi safi. Hawakudondosha tone hata moja kwenye zulia. Jioni Concilie alipakua maharage, na yeye na mwanawe wakala wamesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimeshatolewa nje.