Safari ya Uvinza Isiyo na Msiba

Baba yangu Privatus haogopi nyoka wala mtendaji wa kijiji. Anachoogopa ni watu wa kijiji chetu cha Runazi kusema kwamba anampenda mke wake. Kwake hiyo ni aibu kubwa, na sijui nani alimfundisha upuuzi huo.

Ndiyo maana mama alipomwambia anataka waende Uvinza, wao wawili tu, maharage yakishavunwa, baba aliuliza swali moja.

"Amekufa nani?"

Hakuwa anatania. Huku kwetu mume na mke hawapandi basi moja ila kukiwa na msiba. Mume huenda mnadani na wanaume wenzake, mke huenda sokoni na wanawake wenzake, na siku ukiwaona wameketi bega kwa bega, mama kavaa kitenge cha kutokea, baba kanyoa ndevu, unasema poleni kabla ya kuuliza. Mama yangu, Restituta, ameshafika Mwanza, ameshafika Kibondo, ameshafika Murusagamba kule mpakani, na kote huko alikwenda kuzika.

"Hajafa mtu," mama alimjibu. "Nataka safari moja na wewe isiyo na maiti."

Uvinza ni mji wa zamani, uko kusini kwetu, kando ya mto Ruchugi, karibu na Malagarasi. Babu yake mama alikuwa akienda huko kwa miguu kufuata chumvi, na mama amekua akisikia habari za mto ule na za moshi wa majiko ya chumvi. Sasa alitaka aone mwenyewe, kisha akae ukingoni ale samaki na mume wake. Aliponieleza kwa simu sauti yake ilikuwa ya msichana. Nilitaka kulia, nikaishia kucheka.

Baba alikubali, lakini kwa sharti: mtu asijue.

"Watasema nimepewa limbwata," alisema.

Mama akanyamaza. Mimi namjua mama yangu. Akigomba, mambo ni salama. Akinyamaza, ameumia.

Basi tukapanga kimyakimya kama wezi wa ng'ombe. Mimi, ninayeishi Biharamulo mjini, nilitafuta nyumba ya wageni. Nikamuuliza mwenye nyumba kama ana chumba kinachotazama mto, akanijibu mto hauonekani dirishani, ila wageni wana miguu. Baba alitaka wabebe viazi vitamu vya kuchemsha kwa sababu haamini chakula cha watu asiowajua. Mama akasema yeye habebi viazi hadi Uvinza, afadhali abaki. Walibishana juu ya viazi mpaka nikaona raha; ni muda mrefu sikuwa nimewasikia wakibishana juu ya kitu kisicho na maana.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda nyumbani na begi langu ili nibaki na mbuzi. Mama alikuwa amefua kitenge kizuri na kukianika. Baba alikuwa ametoka kunyolewa, na koti lake jeusi, analovaa mazikoni tu kwa sababu ndilo pekee alilonalo, alikuwa amelitundika kwenye uzio lipigwe na jua. Jioni jirani yetu Kwandu, mke wa Ndassa, Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, alipita na ndoo ya maji. Akaliona koti. Akakiona kitenge. Akaniona mimi, binti aliyeolewa, nimekuja na begi katikati ya juma. Hakuuliza kitu, maana huku mfiwa hasumbuliwi kwa maswali. Alinipa pole kwa macho tu, akaenda zake.

Asubuhi tulipofungua mlango uwanja ulikuwa umejaa watu. Ndassa alikuwa ameegesha baiskeli yenye mzigo wa kuni. Jovitus, mwalimu wa kwaya, alikuwa anafunga turubai kwenye mgomba. Kwandu alitua beseni la unga wa muhogo, akanikumbatia huku analia.

"Pole, ng'wanone. Pole, mwanangu."

Mama alisimama mlangoni, mkoba wake wa maua mkononi. Ndassa akavua kofia.

"Mzee Privatus, poleni sana. Nani ametutoka?"

Niliyaona macho ya baba yakimtafuta marehemu. Yuko mjomba wake kule Nyamigogo, mgonjwa wa siku nyingi, ambaye kila mtu angeamini. Neno moja tu, nao wangesindikizwa hadi kwenye basi kwa heshima zote. Mama pia aliliona hilo. Akauweka mkoba chini, taratibu.

"Mjomba..." baba alianza.

Mama akafumba macho.

"Mjomba hajambo," baba akasema. "Hajafa mtu. Tunakwenda Uvinza."

"Kufanya nini?" Ndassa akauliza.

"Kutembea."

"Kutembea?"

"Kutembea na mke wangu. Kuna ubaya?"

Jovitus akaacha kamba ya turubai. Kijana mmoja nyuma akacheka, akasema mzee kalishwa kitu.

"Basi nimelishwa," baba akasema. "Niacheni nacho."

Kwandu alifuta machozi, akamgeukia mume wake. "Umemsikia mwenzio?" Ndassa akaanza kushughulika na kuni zake.

Baba akauokota ule mkoba wa maua, akauvaa begani mbele ya kijiji kizima, akashika njia. Lakini mama hakumfuata. Alikuwa ameegemea mlango analia, na wanawake waliokuja kumliwaza wakapata kazi yao: wakamshika mikono, wakamwambia pole, pole.

Baba akageuka njiani. Maisha yangu yote nimemsikia akimwita mke wake Mama Tecla, kwa jina langu mimi.

"Restituta," aliita. "Twende, basi litatuacha."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaenda.