Kibao cha Juu ya Mkeka wa Liwali

Paa la jumba la liwali hapa kwetu ni la vibao vya mbao, maelfu kwa maelfu. Kila mwaka wa tano sisi mafundi huvishusha na kuvigeuza: uso, mgongo, kisha kichwa kinakuwa miguu. Kibao hutumika mara nne ndipo kitupwe. Siku hizi jumba ni makumbusho na watu hukata tiketi kuliona, lakini kazi ni ileile, na ukoo wetu haujaiacha tangu enzi za babu yetu Sahei.

Kaka yake Sahei, Yasuke, ndiye aliyepeleka barua ya wanakijiji kwa Liwali Ozaki, kuomba kodi ya mchele ipunguzwe. Askari wa Ozaki walimpigisha magoti kwenye ua wa kokoto nyeupe, wakampakia mawe mapajani. Alikufa siku ya tatu. Ozaki alikuwa barazani akinywa chai.

Vuli ile ikawa zamu ya kugeuza vibao. Juu ya ghala la mchele wa kodi, Sahei hakugeuza kitu. Upande ulioliwa na theluji aliuacha juu vilevile. Mvua ije, mchele uoze, Ozaki akajibu kwa Shoguni, mtawala wa nchi, na ikibidi ajipasue tumbo, kama ilivyokuwa desturi ya mkubwa aliyeaibika.

Alimwambia mtu mmoja tu: Otane, mjane wa Yasuke, aliyesugua sakafu za jumba.

"Mchele ukioza," Otane aliuliza, "atalipa nani?"

"Ozaki."

"Tangu lini, shemeji? Watakuja kuzoa mwingine kwetu. Wanangu wale majani?"

Sahei akalitazama paa la ghala.

"Akili zako umezisahau huko juu ya paa. Kazifuate. Mawingu yale pale mlimani."

"Kwa hiyo Yasuke amekufa bure?"

"Nimesema hivyo mimi? Chumba cha wageni nakisugua kila siku. Najua Ozaki anakalia mkeka upi."

Alfajiri Sahei akapanda tena, ngazi ikiteleza kwa umande, midomo ikilitaja jina la Buddha Amida. Akavigeuza vibao vyote vya ghala. Kimoja, kilichooza kupita vyote, akakihamishia kwenye paa la chumba cha wageni, pale Otane alipomwonyesha kwa mpini wa ufagio.

Mkaguzi kutoka Edo, mji wa Shoguni, aliwasili pamoja na mvua. Ozaki akiwa katikati ya kujisifu, tone likamwangukia utosini. La pili. Kisha mfululizo. Akajikaza asisogee, maana mbele ya mkaguzi mtu hasogei.

"Liwali," mkaguzi akasema, watumishi wote wakisikia, "kichwa chako kimekushinda kukilinda. Mchele wa Shoguni utauweza?"

Theluji haijayeyuka, Ozaki akavuliwa cheo. Lakini kwanza alimchapa Sahei viboko hamsini. Otane ndiye aliyempaka dawa.

"Cheka polepole, shemeji. Mgongo utapasuka tena."

Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Kila asubuhi humwomba Amida awapokee wafu wote, na nimewasamehe watu wengi. Nikifika kwenye jina la Ozaki, ulimi unagoma. Nilichambua vibao siku nzima hadi nikapata kibovu kuliko vyote.

Baada ya mvua ya kwanza msimamizi wa makumbusho alinijia na ndoo mkononi.

"Fundi, palepale pamevuja tena! Baba yako naye palimshinda. Pana nini pale?"

"Weka ndoo, bwana," nikamwambia. "Pamezoea."