Mzee Vedasto Aitwa Kaunti

Dafrosa alikuwa ameshajaza maji ya vuguvugu kwenye karai na kutia matone ya Dettol, baba yake alipoingia kwa mlango wa gereji. Mzee Vedasto alifariki mwezi wa pili, kwenye nyumba ya wazee, akazikwa baada ya misa ya Kiswahili iliyochelewa kuanza kama kawaida yake. Tangu mazishi alikuwa akija kila jioni kuoga. Alivua viatu mlangoni kwa sababu ya theluji, akauliza habari za Bukoba, akaenda kuketi kwenye kiti cha plastiki bafuni.

Dafrosa alimwogesha kama alivyomwogesha miaka yote kabla hajapelekwa kwa wazee wenzake: kanga imefungwa kiunoni mwa mzee, uso wa binti umegeukia ukuta, mkono unajitafutia njia wenyewe. Walizungumzia bei ya mchele. Binti haoni uchi wa baba yake, kwa hiyo ilieleweka, bila yeyote kusema, kwamba jambo hilo halifanyiki. Kaka yake aliyeishi Lakeville, mji wa jirani, hakuambiwa, na padri hakuambiwa. Miaka ile, kabla ya nyumba ya wazee, Dafrosa alikuwa ameacha kazi yake ya hospitali ili jambo hilo lisilofanyika lifanyike asubuhi na jioni.

Shida ilikuwa nyumba. Serikali ndiyo iliyolipia kitanda cha mzee kwenye nyumba ya wazee, na sasa kaunti, yaani serikali ya eneo lao huku ughaibuni, ilitaka gharama zake zirudishwe kutoka kwenye mirathi. Mirathi yenyewe ilikuwa nyumba hiyo moja ya Brooklyn Park, na Dafrosa hakuwa na nyingine. Wakili Kendi, mwanamke wa Kimeru anayeongea haraka na kula karanga mezani, alimweleza kwamba sheria ina mlango. Mtoto aliyeishi na mzazi wake, akamuuguza nyumbani na hivyo kumchelewesha kwenda nyumba ya wazee, haguswi. Nyumba inabaki kwake.

"Hiyo ni wewe kabisa," Kendi alisema. "Lakini yule nurse wa kaunti alipokuja ku-assess, mzee alimwambia nini?"

Dafrosa alikumbuka vizuri. Nesi alikuwa msichana mwenye kipini puani, akauliza ni nani anayemwogesha mzee. Mzee Vedasto, mhandisi wa maji mstaafu, aliyekuwa amevaa tai kwa heshima ya mgeni, alijibu kwamba anaoga mwenyewe, anajipikia, na asubuhi hutembea hadi ziwani. Dafrosa alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la chai, akanyamaza. Angesemaje? Amuumbue baba yake mbele ya mgeni, tena msichana? Nesi akaandika kwamba mgonjwa anajitegemea, akanywa chai na kuisifu.

"Tunataka witness," Kendi alisema. "Mtu aliyeona."

"Hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona."

Kendi alitafuna karanga. "Na mzee bado anakuja?"

"Kila jioni."

"Basi mlete. Aseme ukweli mara moja tu, tumemaliza."

Kaunti husikiliza marehemu siku ya Alhamisi, katikati ya leseni za ndoa na pasipoti. Siku hiyo mzee alikubali kuja asubuhi. Alivaa koti, ingawa baridi haikumhusu tena, kwa sababu watu wangesema. Barabarani Dafrosa alitamka jambo ambalo hawakuwahi kulitamka.

"Baba, watakuuliza nani alikuwa anakuogesha. Nakuomba useme."

Mzee alitazama nje. "Nimekusikia, mwanangu."

Kendi alikuwa akiwasubiri mlangoni. Mlinzi alimpitisha mzee kwenye mashine ya ukaguzi, nayo haikulia. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye picha za wajukuu mezani. Alimpa mzee pole kwa kifo chake, mzee akashukuru. Kisha akasoma swali kutoka kwenye jalada: kabla hujaingia nyumba ya wazee, nani alikuwa anakuogesha?

Dafrosa aliangalia zulia. Aliogopa sana. Alikuwa na umri ambao waajiri husoma haraka na kusema watampigia simu, hana mume wala akiba, na aliitaka nyumba ile kwa moyo wake wote.

Mzee alikaa wima. Alimtazama afisa, akamtazama Kendi, ambaye naye ni binti wa watu, akaona wanawake watatu wanasubiri jibu lake. Akakohoa kidogo.

"Nilikuwa naoga mwenyewe," alisema kwa Kiingereza safi. "Binti yangu alikuwa ananiwekea maji tu."

Afisa aliandika. Alimshukuru kwa kusafiri kutoka mbali, akamwonyesha koti lake lilipotundikwa, na mzee akatangulia kwenye korido. Yaliyobaki aliwaambia Dafrosa na Kendi kwa sauti ya chini, kwa huruma ya kweli: maelezo ya marehemu yanalingana na yale ya nesi, dai la kaunti linasimama, nyumba itauzwa. Kendi alifunga mkoba wake. Dafrosa alimkasirikia baba yake hadi masikio yakamwaka, na alimpenda vilevile, na hakuna kimoja kilichopunguza kingine.

Mzee alikuwa tayari ndani ya gari, amefunga mkanda.

"Nimejibu vizuri?" aliuliza.

"Umejibu vizuri, baba."

"Yule mama ameelewa?"

"Ameelewa."

Mzee aliridhika. Gari lilipofika kwenye taa, alimgusa binti yake mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nyumba nzuri ile," alisema. "Watakushawishi. Usije ukaiuza."

"Siiuzi, baba," Dafrosa alisema, akasubiri taa iwake kijani.