Uraka wa Josephina

Mwaka 1953, mabibo ya mikorosho yalipoanza kudondoka, Ildefonsi alipanda baiskeli kutoka Nachingwea kwenda Kiegei kuonja uraka, pombe ya mabibo, ili achague wa harusi ya bintiye, Goreti. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Tusifichane, alikuwa na safari nyingine. Goreti alikataa katakata kuolewa bila shangazi yake kumtoa ndani, na shangazi mwenyewe, Josephina, ndiye dada ambaye Ildefonsi alimwita mchawi mbele ya watu.

Miaka sita nyuma, mtoto wa kiume wa Ildefonsi alikula mchana kwa Josephina. Jioni akaanza kutapika, na alfajiri haikumkuta. Baba mtu akasema palepale msibani kwamba sumu imetoka kwenye chungu cha dada yake. Neno likaenea. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yake aliyekanyaga kwa Josephina.

Basi akaanza kuzunguka. Kwa mzee Kipriani alionja, akasema uraka haujalala hata siku moja. Kwa mama mmoja jirani akadai mabibo yamekamuliwa na mchanga wake, wageni wataumwa matumbo. Visingizio vitupu! Uraka ulikuwa mzuri kote, ila miguu ndiyo ilikuwa mizito. Mtu mzima na mvi zake, anamwogopa dada yake.

Jua limeshageuka ndipo alipofika. Josephina alikuwa amepiga magoti akikamua mabibo, mikono imelowa hadi viwikoni. Hakuinuka.

"Umefuata nini?"

"Uraka, dada. Wa harusi."

"Kwani Kiegei nzima uraka umekauka?"

"Goreti anakutaka wewe. Bila wewe hatoki ndani."

Josephina akainuka, akaenda kuchota kata moja mtungini. Kwao mpishi wa pombe hunywa kwanza, mgeni aone kwamba hamna sumu. Akaipeleka mdomoni. Ildefonsi akamshika mkono, akaichukua ile kata, akainywa yote yeye.

"Ungengoja nionje," Josephina akasema.

"Sina haja. Mtoto hakufa kwa chakula chako. Alipotoka kwako alipitia shambani kwangu, akatafuna muhogo mchungu. Maganda niliyaona kesho yake, baada ya kuzika."

"Uliyaona?"

"Niliyaona. Nikaona haya kurudi nyuma, nikanyamaza."

Hasira ilimpanda Josephina, lakini alipofungua kinywa sauti ilitoka ya chini.

"Goreti nitamtoa ndani. Na wewe siku hiyo utasimama, uyaseme haya mbele ya watu walewale."

"Nitasema."

Josephina akaketi chini kando ya mtungi, akamlilia yule mtoto kwa sauti, maana siku ya msiba walimfukuza kabla hajamlilia.