Ramani ya Mahari

Lorna alikuwa ameomba jambo moja tu: Wakoli asifungue mdomo. Lakini nani amewahi kumnyamazisha Wakoli? Walitoka chuoni Kibabii alfajiri hadi Kitale kutafuta mfadhili, na kabla chai haijapoa, Wakoli alikuwa ameshashika usukani wa mazungumzo.

"Mzee, sisi ni wanafunzi wa plogramu hulia. Tunatengeneza moja ya kuonyesha mahari. Bungoma yote."

Mzee Kipchirchir, muuza mbegu za mahindi, aliweka kikombe chini. Lorna alijua mwenzake alikusudia "mahali", na programu ni huria, haimlilii mtu. Lakini wafadhili watatu walikuwa wameshawakataa kwa adabu. Bila huyu wa nne, ramani yao ingeachwa nusu na wanafunzi sita wangerudi nyumbani likizo kupalilia. Kwa hiyo akanyamaza. Si uongo, alijiambia, ni matamshi tu.

"Mahari," mzee alirudia, akilionja lile neno. "Na nani anaandika?"

"Mtu yeyote! Iko wazi. Ukiona makosa, unalekebisha."

"Hata wakwe?"

"Hata wakwe," alisema Wakoli, asijue wakwe wameingiaje hapo.

Mzee alicheka hadi tumbo likatikisika. Jumamosi, akasema, anapokea wageni wa kumposa binti yake, watu wa maneno mengi na ng'ombe wachache. Akavuta barua ya ufadhili waliyomletea, akachomoa kalamu. Hapo ndipo dhamiri ilipomwasha Lorna.

"Mzee, ni mahali," alisema haraka. "Pale mtu anaishi. Ni ramani."

Kalamu ikasimama. Lorna alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ramani," mzee akasema. "Basi nionyeshe kwa huyo kijana anataka msichana yangu. Mukhisa wa Webuye. Ati wako na shamba kubwa nyuma ya kanisa."

Wakoli akapaliwa na chai.

"Unamjua?"

"Ni kaka yangu, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

Lorna aligeuza laptopu na kulitafuta kanisa. Nyuma yake palikuwa na uwanja wa mpira, basi. Lakini wakiwa bado wanatazama, uwanja ukatoweka, na mahali pake pakatokea shamba pana la kijani lililoandikwa "Kwa Mukhisa". Wakoli alikuwa amejikunyata kwenye kiti, simu magotini.

Mzee alivaa miwani, akaligusa shamba lile. Programu huria hazifichi kitu. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Maandishi madogo yakajitokeza: Limeongezwa na Wakoli, dakika moja iliyopita.

Lorna alimchukia Wakoli kwa moyo wake wote. Likizo nzima ya watu sita imekwenda hivyo, kwa kidole kimoja.

"Hii kitu," mzee akasema, akivua miwani taratibu, "inasema nani amedanganya, na saa ngapi?"

"Ndiyo, mzee," Lorna akanong'ona.

Mzee akasaini ukurasa wa kwanza, akasaini wa pili. Kisha akatoa simu yake, akamsukumia Wakoli.

"Sasa wewe, pigia kaka yako. Muulize, kwa hiyo shamba, msimu huu wamevuna mabao ngapi."